Redio ya gari ikizimikazimika, pima umeme kabla ya kununua kifaa kipya

WAMILIKI wengi wa magari jijini Dar es Salaam, Nairobi na katika miji mingine ya Afrika Mashariki wanaifahamu hali hii: muziki unasikika vizuri kwa sauti ya chini, lakini sauti inapoongezwa redio inazimika, inawaka tena, kisha inazimika. Mwenye gari huambiwa kwamba amplifaya imekufa. Hununua nyingine, na baada ya siku mbili tatizo lilelile hurejea, kwa sababu kilichokuwa kibovu si amplifaya bali ni boliti moja iliyofungwa juu ya rangi, au waya mwembamba uliotwishwa mzigo usiouweza.

Hasara ya fedha si kubwa kuliko zote. Umeme unaokosa njia nzuri hugeuka kuwa joto, na joto linalozaliwa chini ya zulia au nyuma ya dashibodi, mahali pasipoonekana, linaweza kuwa chanzo cha moto unaoteketeza gari zima. Kwa sababu hiyo, matatizo ya umeme katika muziki wa gari hayapaswi kutatuliwa kwa kubahatisha. Yanapimwa hatua kwa hatua, na kipimo chenyewe hakihitaji mitambo ya gharama.

CHANZO CHA MATATIZO MENGI

Magari mengi yanayotumika katika ukanda huu huingizwa kutoka Japani yakiwa yamekwishatumika. Nchini humo matangazo ya FM yalipangiwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na baadaye yakapanuliwa hadi 95, ilhali Afrika Mashariki hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Matokeo yake ni kwamba redio iliyokuja na gari haishiki stesheni nyingi za hapa, na mara nyingi jambo la kwanza analofanya mwenye gari ni kuibadili.

Hapo ndipo nyaya za kiwandani hukatwa na kuunganishwa upya, wakati mwingine kwa kusokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Joto la gari lililoegeshwa juani huyeyusha gundi ya tepu hiyo, nayo huachia taratibu. Mtetemo wa barabara mbovu humalizia kazi iliyobaki.

Kosa jingine hutokana na rangi za nyaya. Redio zinazouzwa madukani hufuata utaratibu unaofanana: waya wa njano hupokea umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, mwekundu hupokea umeme unaokuja pale ufunguo unapozungushwa, na mweusi ni wa hasi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Wa buluu wenye mstari mweupe huiamuru amplifaya iwake. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika.

Nyaya za gari lenyewe hazifuati utaratibu huo. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 na 2000, umeme wa kudumu hupita katika waya wa buluu wenye mstari wa njano, umeme wa ufunguo hupita katika waya wa kijivu, na wa hasi ni wa kahawia. Fundi anayeunganisha kijivu kwa kijivu kwa kufuata rangi tu atakuwa ameingiza volti 12 kwenye mdomo wa spika wa redio mpya, na redio hiyo inaweza kuungua kabla haijapiga wimbo hata mmoja. Salama ni kupima kila waya, au kununua kiunganishi maalumu cha aina ya gari husika ili nyaya za kiwandani zisikatwe kabisa.

UMEME UNAVYOSAFIRI

Umeme wa gari ni mzunguko. Hutoka kwenye nguzo ya chanya ya betri, hupita katika fyuzi na kebo, huingia kwenye kifaa, kisha hurudi kwenye nguzo ya hasi kwa kupitia bati la bodi. Watu wengi huitazama njia ya kwenda na kuisahau ya kurudi, ingawa kila ampea inayokwenda ni lazima irudi.

Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebakiwa na karibu nusu, na ikishuka chini ya 12 haina nguvu ya kutegemewa. Injini inapowaka, altaneta huchukua jukumu la kulisha gari na kuijaza betri, na kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Baadhi ya magari ya karibuni, ambayo kompyuta yake huiongoza altaneta ili kuokoa mafuta, huweza kusoma chini ya hapo kwa muda bila kuwa na kasoro.

Kanuni inayoeleza matatizo karibu yote ya muziki wa gari ni ile iliyotangazwa na mwanasayansi wa Ujerumani, Georg Ohm, mwaka 1827: volti zinazopotea njiani ni sawa na ampea zinazopita zikizidishwa kwa ukinzani wa njia. Amplifaya inayovuta ampea 40 kupitia kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.05 tu hupoteza volti 2 mahali hapo. Aidha, volti hizo hazipotei bure. Mbili mara 40 ni wati 80 za joto, zaidi ya lile la taa ya zamani ya wati 75, zikiwa zimekusanyika katika kiungo kisichozidi ukubwa wa kidole.

Ndiyo maana redio huwa nzima kwa sauti ya chini na kuzimika kwa sauti ya juu. Kiungo hakijabadilika. Kilichobadilika ni mzigo.

VIFAA NA TAHADHARI

Kifaa kinachohitajika zaidi ni mita ya umeme ya tarakimu, ambayo huuzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme. Taa ndogo ya kujaribia, ambayo mafundi wengi huitegemea, huonyesha kama umeme upo, lakini haionyeshi kama unatosha. Taa hiyo huwaka hata pale volti zilizobaki ni 10.

Kabla ya kukata au kuunganisha waya wowote, waya wa hasi wa betri hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Spana ikigusa bodi wakati nguzo ya hasi imefunguliwa hakuna madhara, lakini ikigusa bodi huku ikifungua chanya hutokea shoti kubwa yenye cheche. Ni vyema pia kuhakikisha kama redio ya gari ina namba ya siri, kwa kuwa baadhi huidai baada ya betri kufunguliwa.

Nyaya zilizofunikwa kwa mrija wa njano, hasa chini ya usukani, kwa kawaida ni za mifuko ya hewa na haziguswi. Katika magari yanayotumia mafuta na umeme kwa pamoja, kama vile Toyota Prius na Aqua, kebo za rangi ya chungwa hubeba zaidi ya volti 100 na zinaweza kuua. Kazi ya muziki haina uhusiano wowote na kebo hizo.

REDIO HAIWAKI KABISA

Hatua ya kwanza ni fyuzi, na hapa zipo zaidi ya moja: ile ya kwenye kisanduku cha gari na ile iliyo mgongoni mwa redio. Fyuzi huonekana nzima kwa macho huku imekatika, hivyo hupimwa kwa mita.

Hatua ya pili ni kuchomoa redio na kupima kwenye kiunganishi chake. Waya wa mita wa hasi ukishikizwa kwenye chuma kisafi cha bodi, waya wa njano unapaswa kusoma volti za betri wakati wote, na mwekundu unapaswa kuzisoma pale tu ufunguo unapozungushwa. Ikiwa vyote viwili vipo, waya wa hasi wa mita huhamishiwa kwenye waya mweusi wa redio. Volti zikitoweka, kasoro iko kwenye njia ya kurudi, na redio haina kosa.

Redio inayowaka lakini inasahau saa na stesheni kila ufunguo unapozimwa haipati umeme wa kudumu. Ama fyuzi ya waya wa njano imekatika na mtu ameunganisha njano na nyekundu pamoja ili kukwepa tatizo, ama nyaya hizo mbili zimebadilishana nafasi. Kosa la pili hutokea pia katika baadhi ya magari ya Ulaya, ambayo mpangilio wake wa pini hutofautiana na wa redio za madukani.

SAUTI INAZIMIKA INAPOONGEZWA

Hili ndilo tatizo linalogharimu watu fedha nyingi, na ndilo lenye kipimo kilicho rahisi kuliko vyote. Injini ikiwa inawaka na muziki ukiwa juu, mita huwekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu. Ncha moja hugusa nguzo ya chanya ya betri na nyingine hugusa skrubu ya chanya ya amplifaya, kwa msaada wa waya mrefu. Mita sasa haisomi volti za betri, bali inasoma zile tu zinazopotea njiani. Zikizidi nusu volti, kebo, fyuzi au viungo vya upande huo vina kasoro.

Baada ya hapo kipimo hurudiwa upande wa hasi: ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye skrubu ya hasi ya amplifaya. Upande huu hautarajiwi kuzidi sehemu mbili au tatu za kumi za volti. Mara nyingi ni hapa mkosaji hupatikana. Waya wa hasi umefungwa kwenye boliti ya kiti au ya mkanda, juu ya rangi au kutu. Tiba yake ni kutafuta bati imara la bodi lisilozidi nusu mita kutoka kwenye amplifaya, kukwangua rangi hadi chuma king'ae, kufunga kwa boliti na nati, kisha kupaka grisi au rangi juu yake ili kutu isiingie. Boliti za mikanda ya usalama haziguswi, kwa kuwa zina kazi ya kuokoa maisha.

Ukubwa wa kebo nao una hesabu yake. Kebo ya shaba yenye unene wa milimita mraba 8, ikibeba ampea 40 kwa urefu wa mita tano kutoka kwenye boneti hadi kwenye buti, hupoteza takriban volti 0.4. Yenye milimita mraba 21 hupoteza chini ya volti 0.2. Hata hivyo, hesabu hizo ni za shaba halisi. Kebo nyingi za bei nafuu ni za alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na uwezo wake wa kupitisha umeme ni mdogo sana kuliko wa shaba, pengine theluthi mbili tu au chini ya hapo. Mnunuzi anaweza kukwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukionekana mweupe ndani, si shaba.

Ikiwa njia zote mbili ni safi na bado volti kwenye betri yenyewe zinashuka hadi 12 au chini yake muziki unapopigwa injini ikiwaka, basi mzigo umezidi uwezo wa altaneta, ama altaneta ni mbovu. Kuongeza kapasita hakuponyi hali hiyo. Kapasita huhifadhi umeme wa kitambo kifupi mno kwa ajili ya mapigo ya besi na haizalishi hata wati moja. Betri ya pili nayo ni deni ambalo altaneta ileile italipa.

AMPLIFAYA INAPOGOMA

Amplifaya inahitaji vitu vitatu ili iwake: chanya, hasi, na amri kutoka kwenye redio kupitia waya wa buluu wenye mstari mweupe. Redio ikiwa imewashwa, waya huo unapaswa kusoma karibu volti 12. Ukikosa umeme, kasoro iko kwenye redio au njiani.

Taa nyekundu ya kinga ikiwaka, amplifaya imejizuia yenyewe isiungue. Nyaya za spika huchomolewa zote, kisha hurudishwa moja baada ya nyingine huku amplifaya ikizimwa kila mara. Ile inayorudisha taa nyekundu ndiyo yenye shoti, mara nyingi mahali waya unapopita kwenye bawaba ya mlango. Sababu nyingine ni spika nyingi kupita kiasi. Spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya hulazimika kutoa mkondo maradufu. Taa ikiendelea kuwaka hata bila spika, huku volti zikiwa sahihi, hapo ndipo inapokuwa haki kuituhumu amplifaya.

Mlio mwembamba unaopanda na kushuka kulingana na mzunguko wa injini ni ishara nyingine. Hutokea pale redio na amplifaya zinaporudisha umeme katika sehemu mbili tofauti za bodi zisizolingana, au nyaya za mawimbi ya sauti zinapolazwa pamoja na kebo nene ya umeme. Viungo vya hasi hurekebishwa kwanza, kisha kebo ya umeme hupitishwa upande mmoja wa gari na nyaya za sauti upande wa pili. Mlio ukibaki, altaneta ipimwe, kwani ikiharibika vipande vyake vya kunyoosha mkondo huingiza mawimbi machafu katika gari zima.

BETRI KUFA USIKU

Gari linalolala zima na kuamka halina umeme huenda linanyonywa na muziki. Ili kuthibitisha, gari huzimwa, milango hufungwa, na mita iliyowekwa kwenye kipimo cha ampea 10 huunganishwa kati ya nguzo ya hasi ya betri na waya wake. Gari lisiwashwe wakati huo, kwa kuwa mkondo wa kuwashia utaiunguza mita. Baada ya kusubiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale, kipimo katika magari mengi hakitarajiwi kuzidi ampea 0.05.

Tofauti inaonekana ndogo lakini matokeo yake ni makubwa. Betri ya ampea-saa 45 inayonyonywa ampea 0.05 huchukua zaidi ya wiki mbili kufika nusu. Ikinyonywa ampea 0.5, hufika nusu ndani ya siku mbili. Fyuzi huchomolewa moja baada ya nyingine hadi kipimo kishuke, na fyuzi iliyokishusha huonyesha upande wa mwizi. Anayepatikana mara kwa mara ni waya wa buluu wa amplifaya uliounganishwa na umeme wa kudumu, hivyo amplifaya hukesha. Aidha, baadhi ya redio zenye skrini kubwa zinazotumia programu ya Android hulala nusu badala ya kuzimika.

FYUZI HAIBADILISHWI KWA KUBWA

Kati ya makosa yote, lililo hatari kuliko mengine ni lile linaloonekana kuwa werevu: fyuzi ikikatika mara mbili, anawekwa mkubwa wake, au kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi haikuwekwa ili kulinda redio. Imewekwa ili kulinda waya. Waya mwembamba uliokusudiwa ampea 10 ukiwekewa fyuzi ya 30, panapotokea shoti waya wenyewe ndio utakaogeuka kuwa fyuzi, ukiungua kwa urefu wake wote nyuma ya dashibodi.

Rangi za fyuzi za bapa husaidia kuwatambua waliokosea: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, nyeupe inayopenyeza mwanga 25, na kijani 30. Kijani ikikutwa mahali ambapo kifuniko cha kisanduku kimeandikwa 10, swali si redio tena.

Kebo kuu ya amplifaya nayo inahitaji fyuzi yake ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Ile iliyo kwenye amplifaya haitoshi, kwa sababu haiilindi kebo inayopita chini ya zulia. Kebo hiyo ikikatwa na ukingo wa bati inapoingia ndani ya gari, na fyuzi iko mbali nyuma, hakuna kitakachouzuia umeme wote wa betri kupita hapo. Tundu hilo linapaswa kuwekewa mpira wa kinga.

Mwenye gari asiyependa kushika spana bado ana wajibu mmoja, nao ni kuuliza. Fundi anayesema kifaa kimekufa aombwe kuonyesha kipimo: volti ngapi zinafika, ngapi zinapotea upande wa chanya, na ngapi upande wa hasi. Namba hizo tatu hupatikana kwa dakika chache. Fundi mzuri hatachukizwa kuulizwa, na asiyeweza kuzitoa hajajua bado kinachoumwa, hivyo hakuna sababu ya kumkabidhi fedha za kifaa kipya.